Yeremia au Wafalme, Ezra au Nehemia: uanze na kitabu gani kusoma uhamisho wa Wayahudi na kurudi kwao

Habari ya Wayahudi kuchukuliwa mateka Babeli na kurudi kwao haikuandikwa mahali pamoja. Ipo mwishoni mwa Wafalme wa Pili na Mambo ya Nyakati wa Pili, ipo kwa Yeremia na Ezekieli, ipo katika nusu ya pili ya Isaya, katika Maombolezo, Ezra, Nehemia, Hagai, Zekaria na zaburi kadhaa. Anayetumia Biblia ya Kikatoliki ana Baruku pia. Ndiyo maana kiongozi wa kikundi cha Biblia akiambiwa "mwezi ujao tusome uhamisho", jambo la kwanza linalomsumbua ni pa kuanzia.

Wengi huanza na Ezra, kwa sababu kinafunguka na tangazo la Koreshi la kuwaruhusu watu kurudi. Nimeviona vikundi vikianza hivyo kwa ari, vikafika sura ya pili kwenye orodha ya koo, na juma lililofuata nusu ya watu hawakuja. Ezra ni kitabu kizuri ambacho husomwa kabla ya wakati wake. Furaha ya watu kurudi haimgusi msomaji ambaye hakuwaona wakiondoka. Kwa hiyo hapa naviweka vitabu hivi viwili viwili, ubavu kwa ubavu, niseme kila kimoja kinampa nini msomaji, kinamchosha wapi, na mimi ningeshika kipi.

Tarehe chache za kushikilia kwanza. Mwaka 722 KK Waashuri waliiteka Samaria, wakawahamisha watu wa ufalme wa kaskazini. Hao walitawanywa, na hawakurudi kama taifa. Mwaka 597 KK Nebukadneza wa Babeli aliichukua Yerusalemu mara ya kwanza na kumpeleka mfalme kijana Yehoyakini uhamishoni. Mwaka 586 KK (wapo wanaohesabu 587) mji uliangushwa kabisa na hekalu likachomwa. Mwaka 539 KK Koreshi wa Uajemi akaingia Babeli, na muda si mrefu Wayahudi wakapewa ruhusa ya kurudi. Hekalu jipya lilikamilika mwaka 515 KK. Kwa hesabu ya kawaida Ezra alifika mwaka 458 KK na Nehemia mwaka 445 KK. Ziandike kwenye karatasi moja, mwenzako yeyote akipotea njiani mwonyeshe.

Kuanguka kwa mji: Wafalme wa Pili au Yeremia

Wafalme wa Pili sura ya 24 na 25 ni fupi, na zinasomeka kwa kikao kimoja. Zina mpangilio: mfalme huyu, mwaka huu, akafanya hivi, kikatokea hiki. Mji unazingirwa, njaa inazidi mpaka chakula kinaisha, ukuta unatobolewa, askari wanakimbia usiku. Mfalme Sedekia anakamatwa katika nchi tambarare ya Yeriko na kupelekwa Ribla, na huko wanawe wanauawa mbele ya macho yake, kisha macho yenyewe yanang'olewa. Mwandishi hasemi lolote la huruma wala la lawama hapo. Anaendelea na orodha ya vyombo vya shaba vilivyobebwa kutoka hekaluni. Ukali huo wa maneno machache una nguvu yake, na kwa anayetaka kujua ilikuwaje, sura hizi mbili zinatosha.

Upungufu wake ni kwamba humwoni mtu wa kawaida. Unaambiwa maskini wa nchi waliachwa walime na kutunza mizabibu, basi. Waliona nini? Walikuwa wakiamini nini wakati adui yuko nje ya lango?

Hapo ndipo Yeremia anapompita Wafalme kwa mbali. Yeye alikuwa ndani ya mji siku zile. Alishtakiwa kwa usaliti kwa sababu aliwaambia watu wajisalimishe kwa Wababeli. Akatupwa shimoni kwenye tope, na aliyemtoa ni Ebedmeleki Mkushi, Mwafrika aliyekuwa akihudumu katika nyumba ya mfalme. Ebedmeleki alimwendea mfalme akamtetea nabii waziwazi, akapewa watu, akachukua matambara na nguo zilizochakaa akamshushia Yeremia aziweke kwapani ili kamba zisimchubue. Wafalme wa Pili hana nafasi ya kueleza matambara. Yeremia anayo, na mtu akishasoma sura ya 38 hawezi tena kuuwazia mji ule kama jina kwenye ramani.

Sura ya 36 nayo isomwe taratibu. Ni mwezi wa tisa, kuna baridi, mfalme Yehoyakimu ameketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi na mbele yake kuna moto. Mtu aitwaye Yehudi anamsomea gombo la maneno ya Yeremia. Kila zikisomwa safu tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote linaisha. Yeremia anamwambia Baruku, mwandishi wake, achukue gombo jingine aandike upya, na wanaongeza maneno mengine mengi. Ukitaka kuwaeleza vijana kwa nini mji ulianguka, sura hii inaeleza kuliko hotuba yoyote.

Ila sura ninayoipenda kuliko zote ni ya 32. Yerusalemu imezingirwa. Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Ndugu yake Hanameli anakuja kumwuzia shamba huko Anathothi, eneo ambalo tayari liko mikononi mwa adui. Mtu mwenye akili timamu hanunui ardhi hiyo. Yeremia anainunua kwa shekeli 17 za fedha. Anapima fedha kwenye mizani mbele ya mashahidi, anaandika hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi, kisha anamwagiza Baruku aziweke katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Kununua shamba wakati jeshi limekaa juu yake ni kusema kwa fedha taslimu kwamba watu watarudi kulilima. Ahadi nyingi za kurudi zimeandikwa katika manabii, lakini hii ina stakabadhi.

Yeremia ana ugumu wake, na lazima niuseme. Kitabu hakifuati tarehe. Unasoma habari za Sedekia, ghafla unarudishwa kwa Yehoyakimu aliyemtangulia, kisha unaruka mbele. Ni kirefu, sura 52, na mashairi ya hukumu ya sura za mwanzo huwachosha wasiozoea. Anayekianza ukurasa wa kwanza akikusudia kukimaliza mara nyingi hafiki mbali. Dawa ni kuchagua: sura ya 1, 7, 24, 29, 32, kisha 36 hadi 44. Hizo zikisomwa kwa pamoja ni hadithi iliyonyooka.

Kuhusu sura ya 29, nina neno la kusisitiza, kwa sababu mstari wake wa 11 unapendwa mno. Tunauandika kwenye kadi za mahafali, tunaubandika ukutani: Mungu anajua mawazo anayowawazia watu wake, mawazo ya amani, kuwapa tumaini siku zao za mwisho. Barua yenyewe iliandikwa kwa mateka wa mwaka 597 KK, na mstari mmoja kabla ya huo unasema mambo hayo yatatimia miaka 70 itakapotimia. Waliosomewa barua ile wakiwa watu wazima walikuwa wanaambiwa kwamba wao watazikwa Babeli. Ndiyo maana wanaagizwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na wauombee mji wa adui zao, kwa kuwa amani yake ndiyo amani yao. Mstari wa 11 unakuwa mzito zaidi ukiusoma hivyo, na ni haki yetu kuupata ukiwa mzima.

Hesabu za waliochukuliwa nazo zinatofautiana kati ya vitabu hivi viwili. Wafalme wa Pili 24 inataja watu 10,000 kwa safari ile ya kwanza. Yeremia 52 inataja 3,023, na ukijumlisha safari tatu unapata 4,600. Wapo wanaodhani Yeremia amehesabu wanaume wakuu wa nyumba tu. Vyovyote iwavyo, hesabu zote mbili zinaonyesha jambo ambalo wahubiri wetu hulisahau: walioondolewa walikuwa sehemu tu ya watu. Wakuu, askari na mafundi walipelekwa, wakulima wengi wakabaki. Baada ya hapo Gedalia akawekwa kuwa liwali huko Mispa, akauawa na Ishmaeli mwana wa Nethania, na wengine kwa hofu wakakimbilia Misri wakimchukua Yeremia pamoja nao. Kwa hiyo uhamisho ulikuwa na njia mbili, moja ya mashariki na moja ya Afrika, na hiyo ya pili Yeremia ndiye anayeisimulia kwa urefu.

Uamuzi wangu hapa: soma Wafalme wa Pili 24 na 25 siku ya kwanza, upate mifupa ya habari, kisha hamia kwa Yeremia ukae huko. Mambo ya Nyakati wa Pili 36 inaweza kungoja. Ni sura moja inayokimbia, ingawa ina wazo lake zuri, kwamba nchi yenyewe ilikuwa ikipumzika sabato zake ilizonyimwa.

Maisha ya ugenini: Ezekieli au Isaya 40 hadi 55

Hapa uchaguzi unategemea zaidi hali ya wasomaji.

Ezekieli alikuwa kuhani, akachukuliwa na kundi la mwaka 597 KK, akakaa na mateka huko Tel-abibu karibu na mto Kebari. Anaandika tarehe kwa uangalifu kuliko nabii yeyote, akihesabu kwa miaka ya kuhamishwa kwa mfalme Yehoyakini. Sura ya kwanza huwatisha watu kwa magurudumu na viumbe vyenye nyuso nne, na wengi hufunga kitabu hapo. Lakini angalia magurudumu hayo yanafanya kazi gani. Watu wale walikuwa wamefundishwa kwamba Mungu anakaa Sayuni. Sasa wako kando ya mfereji wa Babeli, na nabii anaona kiti cha enzi chenye magurudumu, kinachokwenda pande zote nne. Mungu amewafuata walipo. Ukiishika hiyo, sura ya 1, ya 10 na ya 11 zinafunguka.

Ezekieli pia anahubiri kwa vitendo. Anachora mji juu ya tofali na kuuzingira. Anafungasha mzigo wa mhamiaji, anatoboa ukuta jioni na kutoka nao begani huku watu wanamwangalia. Katika sura ya 24 mkewe, ambaye kitabu kinamwita tamanio la macho yake, anakufa jioni, na yeye anaagizwa asiomboleze, kwa kuwa ndivyo watakavyoganda watu wakisikia hekalu limebomolewa. Sioni sura ngumu zaidi katika manabii wote. Na katika 33:21 anafika mtu aliyeponea chupuchupu kutoka Yerusalemu na kusema mji umepigwa. Tangu hapo sauti ya kitabu inabadilika kuelekea matumaini, hadi bonde la mifupa mikavu la sura ya 37.

Kuna onyo la kutoa: sura ya 16 na 23 zina lugha kali ya zinaa na ukatili juu ya wanawake. Kwenye kikundi chenye watoto, au chenye watu waliojeruhiwa na mambo hayo, zirukeni, mzisome wakati mwingine na mtu anayejua kuziongoza.

Isaya 40 hadi 55 ni hali nyingine kabisa. Inaanza kwa agizo la kuwafariji watu, na haiiachi sauti hiyo. Koreshi anatajwa kwa jina, na katika 45:1 anaitwa masihi wa Bwana, heshima ambayo hakuna mfalme mwingine wa mataifa anayeipata katika Agano la Kale. Wataalamu wengi huona sura hizi ziliandikwa na nabii aliyeishi uhamishoni kabla tu ya Babeli kuanguka. Wakristo wengi hushika kwamba Isaya wa karne ya nane aliyaona hayo mapema. Kikundi kisikwame kwenye mabishano hayo, maana pande zote mbili zinakubali maneno yanawahusu watu walio Babeli.

Sehemu ya kusoma kwa makini ni 46. Beli na Nebo, miungu mikubwa ya Babeli, wanabebwa juu ya wanyama waliochoka, mzigo mzito usioweza kujiokoa wenyewe. Mistari michache mbele, Mungu wa Israeli anasema amewabeba watu wake tangu tumboni na atawabeba hata wakiwa na mvi. Wale waliokuwa wakiona maandamano ya sanamu kila mwaka mpya wa Kibabeli walielewa kombora hilo lilikoelekezwa.

Kama watu wako wanaomboleza, wamefiwa, wamehama makwao bila kupenda, wape Isaya kwanza. Kama wana maswali magumu ya kwa nini Mungu aliruhusu, na kama wanasema wanaadhibiwa kwa makosa ya baba zao, Ezekieli 18 ndiyo sura yao: anaichukua methali yao ya baba kula zabibu kali na meno ya watoto kutiwa ganzi, anaikataa. Mimi kwa kikundi kinachoanza ningechukua Isaya, sura ya 40, 43, 45 na 46, na kutoka Ezekieli ningechukua 11, 18, 33 na 37 tu. Maombolezo na Zaburi 137 zisomwe kwa sauti siku moja, bila mafundisho marefu. Danieli na Esta ni hadithi nzuri za Wayahudi katika jumba la mfalme wa kigeni, lakini hazikuelezi habari ya kurudi, kwa hiyo katika somo hili siziweki.

Kurudi: Ezra au Nehemia

Katika Biblia ya Kiebrania hivi viwili vilihesabiwa kitabu kimoja, na ni kweli vinategemeana. Hata hivyo ladha yake ni tofauti, na ukikosea kuchagua unaweza kuua hamu ya wasomaji.

Ezra kinaanza vizuri: tangazo la Koreshi, vyombo 5,400 vya dhahabu na fedha vinarudishwa mikononi mwa Sheshbaza, mkuu wa Yuda. Kisha inakuja orodha ya sura ya 2. Jumla inayotajwa ni watu 42,360, mbali na watumishi 7,337, na punda 6,720. Ukikaa na kalamu ukajumlisha koo moja moja, katika Ezra unapata 29,818, na katika Nehemia 7, ambako orodha imerudiwa, unapata 31,089. Jumla kuu ni ileile katika vyote viwili. Sisemi hivyo kumtia mtu shaka. Orodha za zamani zilinakiliwa kwa mkono, namba zikateleza, na pengine baadhi ya watu hawakutajwa kwa koo. Nasema ili mwalimu asishtuke kijana mwerevu akiuliza.

Sura ya 3 ya Ezra ndiyo kilele chake kwangu. Msingi wa hekalu unawekwa, vijana wanapiga kelele za shangwe, na wazee walioliona hekalu la kwanza wanalia kwa sauti kuu, mpaka mtu asiweze kupambanua sauti ya furaha na sauti ya kilio. Hapa kuna kizazi kilichoota kurudi, na kingine kinachokumbuka kilichopotea, vimesimama uwanja mmoja.

Sura ya 4 inavuruga wengi. Inaanza siku za Koreshi, inaruka mpaka wafalme Ahasuero na Artashasta, waliokuja baadaye sana, halafu mstari wa 24 unarudi kwa mfalme Dario kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwandishi amekusanya upinzani wote mahali pamoja bila kujali tarehe. Mweleze msomaji hilo kabla hajaanza. Katika sura ya 5 na 6 manabii Hagai na Zekaria wanawaamsha watu mwaka 520 KK, liwali Tatenai anauliza nani amewapa ruhusa, kumbukumbu zinatafutwa, na hati ya Koreshi inapatikana Ahmetha, mji wa Umedi. Hapo hati inaeleza hata vipimo vya nyumba na kwamba gharama zitoke katika nyumba ya mfalme. Anayependa historia atazifurahia sura hizi kuliko zote.

Ezra mwenyewe haonekani mpaka sura ya 7. Safari yake kutoka Babeli ilichukua miezi minne, tangu siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza mpaka siku ya kwanza ya mwezi wa tano. Kando ya mto Ahava aliona haya kumwomba mfalme askari, kwa kuwa alikuwa ameshamwambia kwamba mkono wa Mungu uko juu ya wote wamtafutao. Wakafunga, wakaenda bila ulinzi, wakiwa na watoto na fedha nyingi. Baada ya hapo kitabu kinaishia na jambo gumu la wake wa kigeni walioachwa pamoja na watoto, watu wameketi uwanjani wakitetemeka kwa habari hiyo na kwa mvua kubwa. Siwezi kuisoma sura ya 10 bila kuwafikiria wanawake wale, ambao kitabu hakitaji jina la hata mmoja wao. Ni sura ya kusomwa na kundi lililokomaa, na Ruthu Mmoabu akikumbukwa mezani.

Nehemia anamshika msomaji tangu ukurasa wa kwanza kwa sababu anasema "mimi". Ezra naye anasema hivyo kwa sehemu, ila Nehemia ana hasira, ana woga, ana maombi ya sentensi moja katikati ya mazungumzo. Ni mnyweshaji wa mfalme huko Shushani, anasikia ukuta wa Yerusalemu umebomoka, anakaa chini analia. Alipofika hakumwambia mtu. Alitoka usiku na watu wachache na mnyama mmoja tu, akazunguka ukuta, mpaka mahali ambapo mnyama aliyempanda hakupata nafasi ya kupita kwa wingi wa kifusi. Ukuta ulimalizika kwa siku 52, huku Sanbalati Mhoroni, Tobia Mwamoni na Geshemu Mwarabu wakidhihaki, wakitishia, na mwishowe wakimwita kwenye mkutano uliokuwa mtego.

Sura ya 5 ndiyo inayonifanya nimtangulize Nehemia. Tumezoea kuhubiri ukuta na kuiruka sura hii. Watu wa kawaida wanalalamika, na wanaolalamikiwa ni Wayahudi wenzao. Wameweka rehani mashamba na nyumba wapate nafaka wakati wa njaa. Wamekopa fedha ya kulipa kodi ya mfalme. Binti zao wameshachukuliwa utumwani kwa sababu ya madeni. Msomaji anayeijua mikopo ya kausha damu haihitaji fafanuzi. Nehemia anaitisha mkutano mkubwa, anawakemea wakuu hadharani, anakiri kwamba yeye na watumishi wake nao wamekopesha, anawaapisha warudishe mashamba na riba, kisha anakung'uta nguo yake kama ishara kwa atakayekiuka. Inaonyesha kurudi kulikuwa nini hasa. Watu walitoka kwa mfalme wa kigeni wakakuta wanaweza kuwafanya ndugu zao mateka katika nchi yao wenyewe.

Sura ya 8 nayo ni ya dhahabu: Ezra anasoma torati juu ya mimbari ya mti mbele ya lango la maji, tangu mapambazuko hadi adhuhuri, na Walawi wanafafanua watu wapate kuelewa. Sura za 11 na 12 zina orodha tena, pita haraka. Sura ya 13 inamwonyesha Nehemia akitupa nje vyombo vya Tobia kutoka chumba cha hekalu, akigombana, akiwang'oa watu nywele. Simpongezi kwa hilo, ila namshukuru aliyeiacha sura hiyo bila kuipamba.

Basi chaguo: anza na Nehemia 1 hadi 8, kisha rudi Ezra 1, 3 hadi 6. Najua hapo tarehe zinapinduka. Lakini msomaji aliyekwisha kumpenda Nehemia atarudi nyuma kwa hiari kuuliza hekalu lilijengwaje kabla yake, na lile karatasi la tarehe litamweka sawa. Kwa wanafunzi wa chuo cha Biblia nisingefanya hivyo. Wao wafuate mpangilio, Ezra kwanza.

Ushahidi wa nje ya Biblia: kipi kinafaa kuonyeshwa

Kinachotajwa sana ni silinda ya Koreshi, udongo wenye umbo la pipa uliopatikana Babeli mwaka 1879 na sasa uko British Museum, London. Wahubiri wengine husema tangazo la Ezra 1 limeandikwa humo. Halimo. Silinda inamsifu Marduki, mungu mkuu wa Babeli, na kueleza jinsi Koreshi alivyorudisha miungu na watu kwenye makao yao huko Mesopotamia. Wayahudi na Yerusalemu hawatajwi. Inaonyesha sera ya mfalme, na kwa hilo inatosha.

Mimi ningetumia zaidi vibao vya udongo vya jumba la Babeli vinavyoorodhesha mgao wa mafuta. Kimojawapo cha mwaka 592 KK kinamtaja Yehoyakini, mfalme wa Yuda, na wanawe watano. Weka kando yake mistari ya mwisho ya Wafalme wa Pili, ambapo Evil-merodaki, mfalme wa Babeli, anamtoa Yehoyakini gerezani na kumpa posho ya kila siku, uone ghala la adui likimtaja mfalme yuleyule.

Vipo pia vibao vya kijiji kilichoitwa Mji wa Yuda, katika nchi ya Babeli, vya tangu mwaka 572 hadi 477 KK. Vilitoka kwenye soko la mambo ya kale, havikuchimbuliwa na wanaakiolojia, na hilo lina hasara yake. Lakini vinawaonyesha Wayahudi wakikodi mashamba, wakilipa kodi, wakidaiana shayiri na tende. Ruhusa ya kurudi ilitoka katikati ya miaka hiyo, na wengi walibaki. Barua ya Yeremia 29 ilikuwa imetiiwa kweli.

Na kwa upande wa Misri, kisiwani Elephantine karibu na Aswan, Wayahudi walioishi huko waliandika barua mwaka 407 KK kwa liwali wa Yuda wakiomba msaada, maana hekalu lao lilikuwa limebomolewa. Barua inawataja wana wa Sanbalati, liwali wa Samaria. Huyo ndiye Sanbalati wa Nehemia. Kati ya ushahidi wote huu, barua hii na vibao vya Yehoyakini ndivyo ningevileta kwenye kikundi, kwa kuwa kila kimoja kinagusa mtu ambaye wasomaji wameshamjua.

Kwa kadiri ya muda ulio nao

Kikundi chenye miezi miwili kinaweza kupita njia yote niliyoitaja: Wafalme wa Pili 24 na 25, Yeremia za kuchagua, Isaya na Ezekieli chache, Nehemia, kisha Ezra. Chenye majuma manne kichukue Yeremia kwa majuma mawili na Nehemia kwa mawili, na kiache vingine vyote bila kujilaumu. Kwa usomaji wa pamoja kwa sauti tumieni tafsiri ya Habari Njema, hasa kwa Yeremia, kwa kuwa sentensi zake zinafuatika. Isaya 40 na Maombolezo zisomwe katika Biblia ya Muungano, maana mdundo wake unabeba kilio na faraja vizuri zaidi.

Anayejisomea peke yake na ana jioni moja tu, achukue Yeremia 32 na Nehemia 5. Ya kwanza ni shamba lililonunuliwa wakati halifai kununuliwa, ya pili ni mashamba yaliyorudishwa kwa wenyewe baada ya watu kurudi, na kati yake pana zaidi ya miaka 140.